Kina si Maji: Niliyojifunza Kando ya Mtambo wa Kuchimba Visima

Swali la kwanza la mwenye nyumba, karibu kila mara, ni hili: "Mmefika mita ngapi?" Ni swali la haki, kwa sababu malipo huhesabiwa kwa mita. Lakini miaka niliyokaa kando ya mtambo, kazi yangu ikiwa kuchukua sampuli za mwamba na kuandika kila kinachotoka shimoni, imenifanya nitamani swali jingine liulizwe mapema zaidi: "Sasa hivi mnatoboa nini?" Kina peke yake hakina maji. Maji yamo kwenye mchanga, kwenye changarawe, kwenye mwamba uliochakaa na kwenye nyufa, na vitu hivyo havikupangwa chini ya ardhi kwa kufuata mita za mkataba wa mtu yeyote.

Nimeona familia zikimaliza akiba yao kwenye shimo kavu. Nimeona nyingine zikipata maji ya kuwatosha mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Katika hali zote mbili habari ilikuwa inatoka ardhini mita baada ya mita, na mara nyingi ilifagiliwa pembeni pamoja na tope. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwenye mwamba mgumu tunachimba kwa nyundo ya hewa. Kompresa inasukuma hewa ndani ya mabomba ya chuma, hewa inaipigisha nyundo iliyoko chini kabisa, biti, yaani kichwa cha kutobolea, inasaga mwamba, na hewa ileile inapanda pembeni mwa mabomba ikibeba vumbi na chenga za mawe. Kila mita ninakinga chenga hizo kwa koleo, naziosha kwenye chujio, kisha namwaga fungu dogo juu ya turubai: fungu la mita ya kwanza, la pili, la tatu, kwa mstari mmoja. Kufikia jioni, ardhi yote iliyo chini ya kiwanja kile imelala pale mbele ya macho, kuanzia juu hadi chini.

Kwenye nchi ya granaiti na naisi, ambayo ni miamba migumu, mstari huo una mpangilio unaojirudia. Mafungu ya kwanza ni udongo mwekundu. Kisha unakuja mfinyanzi wenye mabaka meupe na ya waridi, unaonata vidoleni na kugoma kutoka kwenye chujio. Chini yake mambo yanabadilika: chembe zinakuwa kali, kwarizi, madini magumu kama kioo, inang'aa na kukwaruza kiganja, na vipande vyeupe vya feldspa, madini mengine ya mwamba huo, bado vinavunjika kwa ukucha. Baada ya hapo unapata vipande vigumu zaidi, vingine vikiwa na kutu upande mmoja. Mwisho kabisa chenga zinatoka safi, za kijivu, nyeupe na nyeusi zikiwa zimechanganyika, kingo zake kali, bila doa lolote. Huo ni mwamba mzima ambao haujaguswa na maji.

Mpangilio huo una sababu. Maji ya mvua yanapopita hewani na kwenye udongo huchukua hewa ya ukaa na kuwa na asidi kidogo. Asidi hiyo hula feldspa na kuigeuza mfinyanzi, lakini kwarizi inabaki. Kwa hiyo tabaka la juu lililooza kabisa ni mfinyanzi mtupu, na lile la chini, ambako mwamba umeanza tu kuachana, ni chembe kali zenye nafasi kati yake na nyufa zilizo wazi. Mfinyanzi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya ujazo wake, lakini hauyaachii, kwa sababu vinyweleo vyake ni vidogo mno. Granaiti nzima, kwa upande wake, haina hata asilimia 1 ya nafasi. Kinachokunywesha nyumba ni ile sehemu ya katikati, chini ya mfinyanzi na juu ya mwamba mzima. Ndani ya sehemu hiyo, chembe zilizooza za juu ni tangi, nyufa za chini ni bomba, na kisima kizuri ni kile kinachogusa vyote viwili.

Mhandisi Mfaransa Henry Darcy alipima jambo hili mwaka 1856 mjini Dijon. Alipitisha maji kwenye safu ya mchanga na kuona kwamba kiasi kinachopita hutegemea tofauti ya msukumo wa maji kati ya juu na chini, urefu wa safu, na aina ya kitu ambacho maji yanapenya. Hadi leo hesabu za visima zinasimama juu ya kipimo hicho. Mwenye nyumba hahitaji hesabu yenyewe, lakini ahifadhi lile la mwisho: aina ya kitu. Mchanga na mfinyanzi vinaweza kuwa vimelowa sawasawa, na kimoja kikakupa maji, kingine kikakunyima.

Nilifundishwa kazi hii na fundi mkuu ambaye alikuwa akiendesha mtambo huku mkono mmoja ukiwa juu ya bomba. Alikuwa anasikia mtetemo kabla chenga hazijafika juu. Nyundo ikiwa kwenye mwamba mzima, mlio ni mmoja na mita zinakwenda kwa muda uleule. Ikiingia kwenye ufa, mabomba yanaruka, mlio unavunjika, na wakati mwingine biti inashuka ghafla sentimita kadhaa bila kusaga kitu. Alinizoesha kuandika muda wa kila mita pamoja na sampuli yake. Siku za mwanzo niliuliza kwa nini tunapoteza muda na saa ilhali maji yatajionyesha yenyewe.

"Mwanangu," akasema, "maji madogo hayajionyeshi. Tope la vumbi huziba ufa. Ukiona chenga imevaa kutu upande mmoja, hapo maji yamepita, hata kama shimo liko kimya. Andika."

Nimeyashuhudia maneno hayo mara nyingi. Vumbi likilowa kidogo tu huwa zito, hujibandika kwenye kuta za shimo, na hewa inaacha kuleta chochote juu. Mtu asiyejua atasema shimo ni kavu. Anayejua atasimamisha kutoboa, atamimina maji kidogo na povu la kuchimbia, ataacha kompresa ioshe shimo, kisha atasubiri. Ufa uliokuwa umezibwa hufunguka, na maji yanaanza kutoka.

Mama mmoja alikuwa na kiwanja kilichopakana na nyumba yenye kisima kizuri. Jirani yake alipata maji kwenye mita 40, naye aliamini, kama watu wengi, kwamba mita 40 zake zitakuwa na maji yaleyale. Tulifika 40, kimya. Tulifika 70, kimya.

"Fundi," akaniuliza, "kwani maji yanajua mpaka wa kiwanja?"

Nilimwita kwenye turubai. "Mama, tazama hapa. Mwamba uliooza kwako ni mita 9 tu. Baada ya hapo ni hizi za kijivu, safi, hakuna yenye kutu hata moja. Jirani yako, kwa karatasi aliyotuonyesha, mwamba wake umeoza mpaka mita 30 na kitu. Yeye yuko juu ya mkanda wa mwamba uliovunjika. Wewe, hapa tulipo, uko kando yake."

Alitaka tuendelee kushuka. Nikamweleza kwa nini sikuliona hilo kuwa jambo jema. Nyufa kwenye mwamba wa namna ile hupungua kadiri unavyoshuka, kwa sababu uzito wa mwamba wa juu unazibana. Nyingi zenye faida huwa karibu na mwisho wa sehemu iliyochakaa. Ipo miamba yenye ufa mkubwa wa chini sana, na wako waliobahatika kuukuta, lakini baada ya makumi ya mita ya chenga safi mfululizo, kila mita inayoongezwa ina matumaini madogo kuliko iliyotangulia, na inalipiwa bei ileile. Tulisimama. Mtaalamu wa maji ya ardhini alirudi na vifaa vyake, akafuata mkanda ule uliovunjika kuanzia upande wa jirani, akakuta unakatiza kona ya nyuma ya kiwanja cha mama. Shimo la pili lilichimbwa kwenye kona hiyo. Kutu ilianza kuonekana mita 27, na maji yakaja mita 33.

Tangu wakati huo namsihi kila mwenye nyumba aweke kanuni ya kusimama ndani ya mkataba, kabla mtambo haujawashwa. Iandikwe kwamba baada ya mita kadhaa za mwamba mzima, watu wote wanasimama, wanatazama sampuli, na wanaamua pamoja. Uamuzi unaofanywa usiku, kompresa ikinguruma na mwenye nyumba amechoka na ana hofu, karibu kila mara huwa ni wa kushuka zaidi.

Lipo pia wazo la kupanua shimo ili maji yaongezeke. Kwenye ardhi ya aina moja, ukiongeza kipenyo mara mbili, maji yanaongezeka takriban sehemu moja tu ya kumi. Upana unasaidia pampu iingie vizuri na changarawe ipate nafasi pembeni ya bomba, basi. Kina cha ziada, kwa haki yake, kina matumizi mamoja ninayoyaheshimu: akiba. Bomba la kipenyo cha milimita 150 hubeba kama lita 17 na nusu kwa kila mita, kwa hiyo mita 40 za maji ndani yake ni kama lita 700. Kwenye kisima kinachojaa polepole, akiba hiyo ina thamani kubwa. Lakini hapo mtu anachimba ili ahifadhi maji, na ni vema aambiwe hivyo waziwazi, asidhani anakwenda kutafuta mengine.

Na kisima kinachojaa polepole kisidharauliwe. Lita 300 kwa saa zinaonekana kidogo mtu akilinganisha na maji yanayorushwa na kompresa, lakini kwa saa 10 ni lita 3,000, na tangi likiwepo, hayo ni maji ya familia na yanabaki. Nimeona visima vya namna hiyo vikifukiwa kwa hasira siku ileile vilipochimbwa. Huwa nasikitika sana.

Kuhusu upimaji wa kabla ya kuchimba nina neno la kusema. Njia inayotumika zaidi ni kupitisha umeme ardhini kwa vyuma viwili na kupima volti kati ya vingine viwili, halafu kutanua umbali ili umeme uingie chini zaidi. Conrad Schlumberger alianza majaribio ya namna hii mwaka 1912 nchini Ufaransa, na hadi leo moja ya mipangilio ya vyuma hivyo inaitwa kwa jina lake. Ni kazi nzuri sana ikifanywa na mtu makini. Lakini kifaa hakipimi maji. Kinapima jinsi ardhi inavyozuia umeme, na vitu viwili tofauti vinaweza kutoa namba moja. Mfinyanzi hupitisha umeme kwa urahisi, na mchanga wenye maji ya chumvi vilevile. Mchanga mkavu huuzuia, na granaiti nzima vilevile. Kwa hiyo ripoti yenye mchoro wa rangi na alama ya "chimba hapa" haitoshi. Mtaalamu awe ametembea eneo, ameona miamba iliyojitokeza juu, amepitia rekodi za visima vya karibu, na aweze kusema kwa maneno anatarajia kukuta nini kwenye mita gani. Mtaalamu aliyeandika matarajio yake anaweza kusahihishwa na chenga za kwanza tu. Aliyeweka alama bila matarajio hawezi kusahihishwa na chochote.

Wako wanaotafuta maji kwa fimbo yenye panda. Siwadharau, wengi wao wanaijua ardhi yao vizuri, na macho yao yamezoea miti na mabonde kuliko wanavyosema wenyewe. Ila chini ya sehemu nyingi za dunia maji yapo kwenye kina fulani, kwa hiyo fimbo ikiinama, shimo mara nyingi litalowa. Mwenye nyumba anahitaji kujua ni maji kiasi gani, kutoka tabaka gani, na yana nini ndani yake. Hayo fimbo haisemi.

Ardhi nyingine zina tabia nyingine. Kwenye miamba ya volkano, basalti, yaani lava iliyoganda, ikiwa nzima haina maji mengi, ila lava haikumwagika siku moja. Ilimwagika, ikapoa, udongo ukatokea juu yake, kisha ikamwagika tena. Maji hukaa kwenye migongo ya mimwagiko hiyo, ambako lava ina matundu yaliyoachwa na gesi na imevunjikavunjika. Ukichimba hapo unaona kwenye turubai kijivu, kijivu, kijivu, halafu ghafla fungu jekundu la udongo wa kale uliookwa na lava iliyoufunika. Fundi mzuri akiona wekundu huo hupunguza mwendo, kwa kuwa amefika kwenye maungio ya mimwagiko miwili.

Kwenye mawe ya chokaa maji huyeyusha njia yake mwenyewe na kufanya mifereji na mapango. Unaweza kupata maji mengi ajabu, na shimo la hatua chache pembeni likakosa. Maji hayo hukimbia haraka bila kuchujwa, kwa hiyo kisima cha chokaa kinachobadilika rangi baada ya mvua kinakuambia kwamba kinachoanguka juu ya ardhi kinakifikia.

Kwenye mchanga wa mabondeni na wa pwani, kupata maji si taabu. Taabu ni kuyatoa bila mchanga, na karibu na bahari, bila chumvi. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo, na hesabu ya uzito wao inaonyesha kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huendana na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Geuza hesabu hiyo uone hatari yake: ukishusha maji ya kisima mita 1 kwa kupampu, unaialika chumvi ipande kuelekea kwako kwa makumi ya mita. Mahali kama hapo kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi. Kisima kifupi, pampu ndogo, saa nyingi za kupampu taratibu: ndivyo visima vya pwani vinavyodumu.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo haionekani kabisa kazi ikiisha, na ambayo kwangu inazidi hata kupata maji. Shimo likichimbwa, linashushiwa bomba. Mbele ya matabaka yenye maji linawekwa bomba lenye matundu membamba yaliyotengenezwa kiwandani kwa kipimo, na pembeni yake changarawe ya mviringo iliyooshwa. Juu yake, kati ya bomba na ukuta wa shimo, panazibwa kwa bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa, au kwa saruji, kwa mita kadhaa hadi juu, kisha panajengwa kibaraza cha saruji chenye mteremko. Kizuizi hicho ndicho kinachoyakataza maji machafu ya juu yasiteleze kando ya bomba hadi kwenye maji yako ya kunywa.

Familia moja ilituita kwa sababu maji yao yalikuwa yanageuka ya kahawia na kunuka kila mvua ikinyesha. Kisima kilikuwa kimechimbwa na kampuni nyingine, na wenye nyumba walikuwa na watoto wadogo waliougua tumbo mara kwa mara. Tulishusha kamera. Kwenye mita ya nne, kwenye maungio ya bomba, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka nje kuingia ndani. Tulipofukua pembeni hatukukuta saruji wala bentonaiti. Nafasi yote ilikuwa imejazwa chenga zilezile zilizotoka shimoni, na maji ya uani yalikuwa yanapita humo bila kizuizi. Chini zaidi, matundu ya bomba yalikuwa yamekatwa kwa msumeno, mapana na yasiyolingana, na mchanga ulikuwa umeshakula mota ya pampu. Tulifukua mita kadhaa kuzunguka bomba, tukaziba maungio, tukamimina saruji, tukajenga kibaraza, tukaua vijidudu kwa klorini, na maji yakapimwa upya kabla mtu hajayanywa. Lakini matundu ya chini hatukuweza kuyarudisha. Baba mwenye nyumba alisema hakujua hata kama kuna kitu kinachopaswa kuzibwa. Hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo nawaambia ninyi: simameni pale wakati wa kushusha bomba, hesabuni mabomba, muone mifuko ya bentonaiti au saruji ikifunguliwa na kumiminwa. Ni saa chache tu za siku moja.

Umbali na choo nao hutajwa kama namba tu. Mita 30 ni kiwango kinachotumika sana, na kwenye udongo wa kawaida kina maana, kwa sababu udongo huchuja na vijidudu hufa njiani. Kwenye mwamba wenye nyufa au chokaa uchujaji huo haupo, na maji yanaweza kuvuka umbali huo kabla vijidudu havijafa. Hapo ongezeni umbali, wekeni kisima upande wa juu wa mteremko, na kizuizi kishuke zaidi.

Baada ya bomba huja jaribio la pampu, na hapa ndipo pupa huharibu. Kompresa ikirusha maji juu watu hushangilia, na kiasi kinachokadiriwa wakati huo huandikwa kana kwamba ndicho kisima kitakachotoa maisha yake yote. Maji ya mwanzo ni yale yaliyojikusanya shimoni na kwenye mwamba wa jirani. Jaribio la kweli huanza kwa kupima maji yamesimama wapi yakiwa yametulia, kisha pampu inawashwa kwa kasi moja, na mtu anashusha kamba ya kupimia kila dakika, baadaye kila baada ya dakika kadhaa, kwa saa nyingi. Kwa kupima kiasi, ndoo na saa vinatosha: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, hizo ni lita 1,800 kwa saa. Maji yakishuka halafu yakatulia mahali, kisima kimekuambia uwezo wake. Yakiendelea kushuka bila kukoma, punguza kasi. Pampu ikizimwa, endelea kupima yanapopanda, maana kasi ya kurudi kwake hueleza kuhusu tabaka kuliko msukumo wote wa kompresa. Na kama ufa mkuu uko mita 38, hakikisha maji hayashuki chini ya mita 38 wakati wa matumizi ya kawaida. Ufa ukibaki hewani, madini ya chuma huganda mdomoni mwake na kuuziba kidogo kidogo.

Kisha maabara. Ulimi hauwezi kazi hii. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki hutoa floraidi nyingi kwenye maji yanayoonekana safi kabisa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kikizidi kwa miaka meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, kikizidi sana mifupa huharibika. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha, kwa kuwa maji hupungua na yenyewe inabaki. Bangladesh, visima vingi vya mabomba vilivyowekwa kuanzia miaka ya 1970 ili kuwaokoa watu na magonjwa ya maji machafu vilikuja kugundulika mwaka 1993 kuwa vina aseniki, ambayo ni sumu, kutoka kwenye mashapo yenyewe. Aseniki haina rangi wala ladha, na kiwango chake cha juu ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Chuma angalau hujitangaza: maji hutoka maangavu, yakikaa ndooni huwa mekundu. Ladha yake haipendezi na huchafua nguo, lakini hutibika kwa kuyapitisha hewani na kuyachuja. Pimeni mara ya kwanza kwa ukamilifu, hata kama kila mtu aliyeyaonja ameyasifu.

Kazi ikiisha, mwenye nyumba anadai kitu kimoja kabla hajamaliza malipo: karatasi. Iwe na mwamba wa kila mita, mita zilizotoa maji, urefu wa bomba lisilo na matundu na wa lile lenye matundu, mahali palipozibwa na kwa kitu gani, maji yaliposimama, na jedwali la jaribio la pampu. Wachimbaji wengine huona huko ni kusumbuliwa. Mimi nadhani ni nusu ya kile alicholipia.

Yule mama wa shimo la kona alikuwa na karatasi yake. Miaka baadaye maji yalipungua sana, pampu ikawa inavuta hewa, na akashauriwa ashushe kisima mita 50 zaidi. Kabla ya kukubali alitupigia simu, akatusomea namba. Tulikwenda, tukapima maji yakiwa yametulia, na yalikuwa palepale yalipokuwa mwanzoni. Tukawasha pampu kwa kasi ileile ya jaribio la kwanza, na safari hii yalishuka mbali zaidi. Kwa hiyo tabaka lilikuwa na maji yake yote, na kasoro ilikuwa kwenye kisima chenyewe. Kamera ilionyesha matundu ya bomba mbele ya ufa wa mita 33 yamefunikwa na utando mzito wa kahawia. Tulisugua kwa brashi, tukaosha kwa hewa, tukiiachia na kuikata kwa zamu, tukarudia mpaka maji yakatoka safi, kisha tukayafanya tena yale majaribio ya pampu. Yalikaribia sana ya mwanzo. Mama aliandika namba mpya chini ya zile za zamani, na mwisho wa kila kiangazi hushusha kamba mwenyewe na kuongeza mstari mmoja.